Muiteni kwa Jina Lake

Na mwalimu wa darasa la tatu





Namshukuru Mwenyezi Mungu (S.W.T.) aliyetujaalia kufika tena kwenye toleo la mwaka la jarida letu. Mhariri aliniomba niandike juu ya faida za kudurusu nyumbani. Nimemuomba radhi, kwani liko jambo limenikaa moyoni tangu mwaka jana, na naona nikilinyamazia nitakuwa nimefanya khiyana. Jambo lenyewe ni hali ya wanafunzi wetu wanaotoka makabila, nchi na mila mbalimbali, na namna tunavyowapokea hapa chuoni, au tunavyoshindwa kuwapokea.

SWALI LA MZAZI MMOJA

Siku ya kuandikisha wanafunzi wapya mwaka jana, alikuja baba mmoja amemshika mkono binti yake wa miaka saba. Mtoto akanipa shikamoo, nikamwitikia. Nikamuuliza baba jina la mtoto, umri, na mtaa wanaokaa. Akajibu yote. Kisha akanitazama akasema, "Maalim, hukunikumbuka." Nilimtazama sana nisimjue, mpaka aliponitajia chuo tulichosoma sote tukiwa wadogo.

Hapo nikakumbuka. Alikuwa mtoto wa Kigiriama. Baba yake alisilimu, akapata kazi Mombasa, akahamia mtaani kwetu na jamaa yake. Alikuwa na jina zuri la Kiislamu alilopewa na baba yake, lakini sisi hatukumwita kwa jina hilo hata siku moja. Tulimwita "Mnyika". Tukimuona mlangoni tunasema, "Mnyika kaja." Akikaa karibu nasi tunasogea. Akisoma, na ulimi wake ulikuwa mzito kwa herufi za kooni, tulikuwa tukicheka na kuigiza sauti yake. Maalim wetu hakuwa mtu mbaya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye alikuwa akitabasamu tu. Lakini sisi watoto tabasamu lile tuliliona kuwa ni ruhusa.

Yule mtoto alisoma miezi michache, kisha hakuonekana tena. Hakuna aliyeulizia. Nakumbuka alikuwa amefika Suratul Humaza, sura inayoanza kwa onyo kali dhidi ya wenye kusengenya na kukebehi watu. Sisi tuliokuwa tukimcheka tulikuwa tumekwisha kuihifadhi.

Basi yule baba hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu kabla hajaweka sahihi: "Maalim, hapa mtoto huitwa kwa jina lake?"

Nikamwambia, "Ndiyo." Akaweka sahihi, akamwacha binti yake, akaenda zake.

NILICHOSIKIA NILIPOTEGA SIKIO

Jibu lile lilinitoka haraka, nami nikarudi nyumbani sina raha nalo. Wiki mbili zilizofuata niliamua kutega sikio wakati wa mapumziko, wakati wa kutawadha, na watoto wanapotoka. Niliyoyasikia nayaandika hapa bila ya kumtaja mtu.

Nilisikia, "We Msomali, ondoka hapo." Nilisikia mtoto ambaye asili yake ni Pemba akiambiwa na wenzake wasile chakula chake maana atawaroga. Nilisikia mtoto wa kutoka Mumias akiitwa "mtu wa bara", na mtoto wa Kishihiri akiambiwa arudi kwao Uarabuni, na hali babu wa babu yake amezikwa hapa hapa Mombasa. Yote yalisemwa kwa kicheko. Hapana aliyepigana, wala hapana aliyekuja kwangu kushtaki.

La kunifedhehesha zaidi ni kwamba nilijisikia na mimi mwenyewe. Siku ya tatu nilimwambia mwanafunzi mkubwa, "Niitie yule Msomali mrefu." Mtoto yule yumo darasani mwangu tangu mwezi wa kwanza. Jina lake nalijua. Sikulitumia.

Kwa hivyo makala hii si ya kuwasuta wanafunzi peke yao. Naanza na nafsi yangu.

TULIVYO WENGI WA ASILI

Ukitazama daftari ya mahudhurio yetu utaona mji wetu ulivyo. Wamo watoto wa Waswahili wa Miji Kumi na Mbili, Wabajuni, Wadigo, Wagiriama, Wangazija, Washihiri, Wabaluchi, Wasomali, Waborana, Wanubi, Wawanga, na watoto ambao wazazi wao walisilimu na bado hawajapata jamaa katika dini isipokuwa sisi. Mombasa ni bandari, na bandari haijawahi kuwa ya kabila moja.

Wako wengine ambao hata serikali ilichelewa kuwatambua. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji wakati wa ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wajukuu wao walizaliwa Kwale, wakasoma Kwale, wakaoa Kwale, lakini hawakuwa na kitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi kumuona Rais, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa ni kabila miongoni mwa makabila ya Kenya. Wapemba walio katika pwani yetu wao walisubiri mpaka 2023. Fikiria mtoto aliyekulia katika nyumba ambayo baba yake hawezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili simu kwa jina lake, kwa sababu eti yeye si wa hapa. Mtoto huyo akija chuoni, na chuoni nako akaambiwa si wa hapa, atakwenda wapi?

Hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Shule ya serikali mtoto atakwenda hata kama hapendi, kwani yako mambo ya mtihani na cheti. Chuoni mtoto huja kwa mapenzi yake na ya wazazi wake. Akivunjika moyo huacha, na akiacha hapana karatasi inayoandikwa. Tunaona tu mkeka una nafasi, na baada ya wiki mbili nafasi ile imekaliwa na mwingine.

DINI IMESEMA NINI

Walimu wote wa hapa wamesomesha Suratul Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Aya ya 13 inatueleza kwamba kuumbwa kwetu mataifa na makabila mbalimbali kuna makusudio, nayo ni kujuana, na kwamba ubora mbele ya Mwenyezi Mungu ni kwa uchamungu. Aya hizi tunazisoma kwa tajwidi nzuri. Swali ni kama zinatoka nasi pale mlangoni tunapovaa viatu.

Tutazame pia Mtume (S.A.W.) alivyofanya kwa vitendo. Alipohamia Madina mwaka 622, watu wa Makka walifika hawana nyumba wala mali. Mtume hakutosheka na kuwaambia wenyeji wawapende wageni. Aliwaunga mtu kwa mtu, kila Muhajiri na ndugu yake wa Kiansari. Sa'd bin Rabi' (R.A.) alijitolea kumpa nduguye Abdurrahman bin Auf (R.A.) nusu ya mali yake. Abdurrahman akamuombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Mwenyeji alifungua mkono, na mgeni naye akapewa njia ya kusimama kwa miguu yake.

Bilal (R.A.) alikuwa Mhabeshi aliyekuwa mtumwa. Mtume alimpa kazi ya kuadhini, na mji mzima ukawa unaamka kwa sauti yake. Salman (R.A.) alikuwa Mfursi. Madina ilipotaka kuzingirwa mwaka wa 5 Hijria, yeye ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki, jambo lililojulikana kwao Uajemi na Waarabu hawakulizoea. Shauri lake likakubaliwa, handaki likachimbwa, na mji ukasalimika. Hapana aliyesema, "Huyu mgeni anatufundisha nini?" Abu Hurayra (R.A.) alikuja kutoka Yemen mwaka wa 7 Hijria, akalala katika Suffa ya msikiti pamoja na maskini wengine wasio na jamaa mjini. Huyo mwanafunzi wa kulala msikitini ndiye aliyepokea hadithi nyingi kuliko maswahaba wote, zaidi ya 5,000. Lau angechekwa akafukuzika, tungekosa nini?

MFANO WA HAPA KWETU

Wengine watasema maswahaba walikuwa ni maswahaba. Basi natoa mfano wa karibu.

Mwishoni mwa karne ya 19 alikuja Lamu kijana kutoka Ngazija, Sayyid Saleh bin Alawi Jamalullail, tunayemjua kwa jina la Habib Saleh. Lamu ya wakati huo ilikuwa na matabaka. Walikuwapo watu wa nyumba kubwa, na walikuwapo watumwa, wazao wa watumwa, na wageni wa kipato kidogo, ambao elimu ya juu ya dini haikuhisabiwa kuwa ni yao. Habib Saleh alikaa nao hao, akawasomesha, akawatibu, akawaingiza katika Maulidi na matari yao. Baadhi ya wakubwa wa mji hawakupendezwa. Lakini Msikiti wa Riyadha ukasimama, chuo chake kikapokea wanafunzi kutoka pwani nzima na kwingineko, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1935, watu husafiri kwenda Lamu kwa ajili ya Maulidi yale. Mji uliomtilia shaka leo unajulikana kwa ajili yake.

Na tusisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa mgeni. Hata Sheikh Abdallah Bakathir, aliyefungua chuo mashuhuri Unguja, alizaliwa Lamu. Hata Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa wa Unguja, alizaliwa Ngazija. Ukiondoa wageni katika elimu ya pwani yetu, utabaki na vitabu vichache sana.

"TUKITAJA MAKABILA TUTALETA UKABILA"

Nilipoyazungumza haya katika kikao cha walimu, mwenzangu mmoja ninayemheshimu sana alisema, "Hapa sote ni Waislamu. Tukianza kutaja huyu Msomali, huyu Mgiriama, ndiyo tunaleta hiyo asabiya iliyokatazwa." Hoja hii ina uzito, na nimeifikiria.

Naona asabiya iliyokatazwa ni mtu kuwasaidia watu wake katika dhulma na kujiona bora kwa nasaba. Kumjua mwenzako anatoka wapi, anakula nini nyumbani, mama yake anazungumza lugha gani, hiyo si asabiya. Aya imesema tujuane, na huwezi kumjua mtu kwa kujifanya huoni alivyo. Zaidi ya hayo, tukisema "sote ni sawa" na huku mtoto anaitwa mchawi kwenye birika la udhu, neno "sawa" linamfaa yule asiyeitwa mchawi peke yake.

Uko mfano unaonipendeza katika historia ya Al-Azhar ya Cairo, msikiti uliofunguliwa kwa sala mwaka 972. Kwa karne nyingi wanafunzi waliotoka mbali walikuwa na riwaki zao ndani yake: riwaki ya watu wa Maghribi, ya watu wa Sham, ya Waturuki, na riwaki ya Jabarti kwa waliotoka Uhabeshi na pande za Zeila. Mwanafunzi alipata mahali pa kulala na mkate pamoja na watu wa lugha yake. Lakini darasa likianza, wote walikaa katika duara moja mbele ya sheikh mmoja. Kutoka katika ukoo uliosimamia riwaki ya Jabarti alitoka Abdurrahman al-Jabarti, mwanahistoria mkubwa wa Misri, aliyeandika habari za kuingia kwa Wafaransa mwaka 1798. Misri ikaandikiwa historia yake na mtu wa asili ya Uhabeshi. Mtu anaweza kuwa na pembe yake na akawa wa duara vile vile.

Mwingine alisema, "Watoto wote hutaniana, hata sisi tulitaniwa tukakua." Ni kweli. Utani ni sehemu ya mila zetu, na makabila yana watani wao. Lakini utani una pande mbili: mimi nakutania, wewe unanitania, sote tunacheka. Pale ambapo mmoja anacheka kila siku na mwingine anachekwa kila siku, hapo hapana utani. Na wale tuliokua baada ya kutaniwa ndio tulio hapa kusimulia. Walioacha hawapo hapa kutueleza. Mimi nimebahatika kumuona mmoja tu, tena baada ya miaka mingi.

MAMBO YA KUFANYA

Napendekeza mambo yafuatayo, na yote yanawezekana bila ya shilingi nyingi.

1. Jina. Siku ya kuandikisha, mwalimu amuulize mzazi jina la mtoto linatamkwaje, aliandike, na alitumie. Mfano ni majina ya Kisomali. Tangu mwaka 1972 Kisomali huandikwa kwa herufi za Kilatini, na katika maandishi hayo herufi X ni ha ya kooni, na C ni ain. Mtoto akija na karatasi iliyoandikwa Xasan, huyo ni Hassan wetu, na Cabdi ni Abdi. Nimesikia darasa zima likicheka karatasi kama hiyo, kumbe wanaocheka ndio wasiojua kusoma.

2. Ulimi. Katika tajwidi kila kabila lina mtihani wake. Msomali hupata ha na ain bila ya taabu, kwani zimo katika lugha ya mama yake, lakini herufi p ya Kiswahili humtoka b. Mswahili husema p vizuri, lakini ain humsumbua miaka. Mwarabu naye hana p wala v katika lugha yake. Mwalimu arekebishe herufi bila ya kutaja kabila la mtoto, na mwanafunzi atakayeigiza ulimi wa mwenzake asimamishwe pale pale. Tena tuwe waangalifu tusirekebishe kisichokuwa kosa. Sisi tunasoma kwa riwaya ya Hafs, lakini Sudan wako wengi wanaosoma kwa riwaya ya Duri, na katika Fatiha wao husoma "maliki" bila ya kuvuta ma. Tangu vita vilipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, familia nyingi zimetawanyika. Akitujia mtoto kutoka huko akasoma hivyo, tusimwambie mbele ya wenzake kwamba babu yake alimfundisha makosa. Umar (R.A.) aliwahi kumburura Hisham bin Hakim (R.A.) mpaka kwa Mtume kwa sababu alimsikia akisoma Suratul Furqan kinyume na alivyofundishwa yeye. Mtume (S.A.W.) akawasikiliza wote wawili, na akathibitisha kisomo cha kila mmoja.

3. Dhehebu. Wengi wetu ni Mashafii, lakini tunao watoto wa nyumba za Kihanafi, na wengine wana jamaa Maibadhi. Mtoto asipoinua mikono kwa kunuti katika sala ya alfajiri asiambiwe, "Wewe hujui kusali." Mwalimu wa fiqhi achukue kipindi kimoja kueleza kwamba maimamu wanne wamekhitalifiana katika matawi na wakaheshimiana.

4. Jamaa wasiokuwa Waislamu. Hili ni zito, nalo linawagusa watoto wa waliosilimu. Mwalimu anaposimama kuwasema makafiri kwa maneno makali, akumbuke kwamba mbele yake kuna mtoto ambaye bibi yake aliyemlea si Muislamu, na jioni atarudi kula chakula cha bibi huyo. Asma bint Abubakar (R.A.) alijiwa na mama yake aliyekuwa mushrika, akamuuliza Mtume afanye nini, naye akamuamrisha amuunge mama yake. Tumfundishe mtoto hilo kwanza, asije akadhani kuwa kuja chuoni ni kumkana bibi.

5. Ndugu wa muhula. Kila mwanafunzi mpya apewe ndugu mmoja wa darasa lake, asiwe wa kabila lake, amuonyeshe pa kuweka viatu, pa kutawadha, ratiba, na akae naye muhula mzima. Huu ni mwendo wa Madina.

6. Kazi. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu huitaja methali hii wakitaka mgeni aondoke. Mimi naielewa vingine: aliyeshika jembe amekuwa mtu wa nyumba. Mtoto mpya apewe kugawa misahafu, kukunja mikeka, kuadhini adhuhuri, kusoma katika hafla. Tusingoje mpaka asome vizuri kama mtoto wa imamu.

7. Hafla. Maulidi yetu yana kasida za Kiswahili na Kiarabu. Iwekwe na nafasi ya kasida za Kisomali, Kinubi, Kidigo. Wazazi wakileta chakula, anjera ikae sinia moja na mahamri na mhogo wa nazi. Na kijana asiyekuwa na kanzu mpya asitolewe kwenye safu ya mbele. Kanzu za akiba zinaweza kushonwa kwa mchango mdogo.

8. Wazazi. Mama asiyejua Kiswahili vizuri haji kwenye mkutano wa wazazi, nasi tunasema hajali. Atafutwe mama mwenzake wa kumfasiria. Asifasiriwe na mtoto wake mwenyewe, hasa pale mazungumzo yanapokuwa juu ya mtoto huyo huyo.

NENO KWA WANAFUNZI

Wanangu mlio wenyeji: hamkuchagua kuzaliwa karibu na chuo. Anayekuja kutoka mbali ameshatoka nyumbani kwake kabla hamjaamka. Mkimsogezea mkeka hamtapungukiwa na kitu. Mkimcheka, huenda mkamnyima elimu yeye, watoto wake na wajukuu wake, na dhambi hiyo mkaibeba mkiwa hamna habari, kama nilivyoibeba mimi.

Wanangu mnaojiona wageni: najua si kila siku mtapokewa vizuri. Mkikebehiwa, njooni mseme. Kusema si usengenyaji, ni kutaka haki. Lakini na nyinyi msijifungie pembeni na watu wa lugha yenu siku zote, mkizungumza lile ambalo mwenzenu haelewi na kulicheka. Duara lina nafasi yenu, na nyinyi ingieni ndani yake. Wala msione haya kwa lugha ya mama zenu wala kwa jina mlilopewa na baba zenu. Uislamu haukumtaka Bilal aache kuwa Mhabeshi, wala Salman aache kuwa Mfursi.

NAMALIZIA

Binti wa yule rafiki yangu (na naomba sasa niwe na haki ya kumwita rafiki) bado anasoma hapa. Jina lake walimu wote wanalijua. Siwezi kusema mambo yamekuwa mazuri moja kwa moja. Mwezi uliopita nilimsikia mvulana mmoja akimwita kwa jina lile lile tulilomwita baba yake. Sijui alilipata wapi, labda nyumbani, kwani majina haya watoto hawayabuni wenyewe. Nilimwita yule mvulana nikakaa naye, nikamsimulia habari hii niliyowasimulia nyinyi. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na yule mtoto hamkumuomba msamaha, maalim?"

Nilimuomba, Alhamdulillahi, lakini baada ya miaka thelathini. Naandika haya ili nyinyi msingoje muda wote huo.

Namuomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyafanya kwa ujinga na kwa kujua, awarudishe waliokata tamaa, na atujaalie chuo chetu kiwe ni mahali ambapo kila mtoto akiulizwa "unasoma wapi" anajibu "chuoni kwetu". Amin.